Ushindi Uliopangwa: Mapambano Bila Silaha Dhidi ya Ubaguzi wa Rangi Marekani

Mabasi ya mji wa Montgomery, katika jimbo la Alabama kusini mwa Marekani, yaliendeshwa kwa fedha za watu yaliyowadhalilisha. Mwaka 1955 karibu robo tatu ya abiria wake walikuwa weusi, lakini viti kumi vya mbele vilitengwa kwa ajili ya wazungu, hata pale ambapo hapakuwa na mzungu hata mmoja ndani ya basi. Mara nyingi abiria mweusi alilipa nauli kwa dereva kwenye mlango wa mbele, kisha akatakiwa kushuka na kuzunguka apandie mlango wa nyuma; wapo walioachwa barabarani na nauli yao ikaenda na basi. Sehemu ya wazungu ikijaa, dereva aliweza kuwainua weusi waliokaa katikati, kwa kuwa mweusi hakuruhusiwa kukaa mstari mmoja na mzungu. Utaratibu huo ulilindwa na sheria, polisi na mahakama. Hata hivyo ulikuwa na udhaifu ambao bunduki za polisi hazikuweza kuuziba: ulihitaji kila siku nauli za wale wale uliowatweza.

Harakati za haki za raia nchini Marekani zilipata ushindi kila zilipoutambua udhaifu wa namna hiyo na kuushambulia kwa mpango. Leo watu wengi duniani wanaikumbuka hotuba ya Martin Luther King Jr. mjini Washington, tarehe 28 Agosti 1963, mbele ya watu wapatao 250,000. Wanastahili kuikumbuka, lakini kumbukumbu hiyo ikibaki peke yake huzaa dhana mbili zisizo sahihi. Ya kwanza ni kwamba kupambana bila kutumia mabavu ni upole wa watu wasiotaka ugomvi. Ya pili ni kwamba ni kazi ya kiongozi mmoja mwenye kipaji cha kusema, na wengine wote kazi yao ni kumfuata. Historia yenyewe inazikataa zote mbili. Mapambano yale yalikuwa kazi ya kupanga: kufundisha watu, kukusanya fedha, kuchagua mahali na wakati, na kulea viongozi wengi kiasi kwamba akikamatwa mmoja, shughuli haisimami. Pale kazi hiyo ilipofanywa vizuri, sheria za ubaguzi zilianguka. Pale ilipofanywa nusunusu, hata umaarufu wa King haukutosha.

Tuanze na Montgomery yenyewe. Rosa Parks, fundi cherehani mwenye umri wa miaka 42, alikamatwa jioni ya tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti. Simulizi iliyozoeleka humchora kama mama aliyechoka baada ya kazi za siku, akaamua tu kutosimama. Kwa kweli Parks alikuwa katibu wa tawi la mjini hapo la NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi, na miezi michache kabla ya hapo alikuwa amehudhuria mafunzo katika shule ya Highlander, jimboni Tennessee, iliyowaandaa watu kwa harakati za usawa. Hakuwa wa kwanza kukamatwa pia: mwezi Machi mwaka huo huo Claudette Colvin, msichana wa miaka 15, alikuwa amebebwa na polisi kwa kukataa kuinuka. Naye Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na kiongozi wa chama cha wanawake weusi mjini hapo, alikuwa amemwandikia meya tangu Mei 1954 kumwonya kwamba watu wanafikiria kuyasusia mabasi. Habari za Parks zilipomfikia, Robinson alikesha chuoni kwenye mashine ya kurudufu akitoa makumi ya maelfu ya vipeperushi. E. D. Nixon, mhudumu wa mabehewa ya treni na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, ndiye aliyemwekea Parks dhamana na kuanza kuwapigia simu wachungaji. King, mchungaji wa miaka 26 ambaye bado alikuwa mgeni mjini, alichaguliwa kuongoza tarehe 5 Desemba, siku ambayo mabasi yalikuwa yameshaanza kupita matupu tangu alfajiri. Mgomo ndio uliompata King; hakuwa yeye aliyeuanzisha.

Hasira inatosha kususia basi kwa siku moja. Kususia kwa siku 381 kunahitaji utawala. Watu walilazimika kufika kazini, na wengi wao walikuwa wapishi, wafuaji na vibarua ambao kukosa siku moja kulimaanisha kukosa chakula. Waandaaji wakaomba ushauri kwa wenzao wa Baton Rouge, Louisiana, waliosusia mabasi kwa siku chache mwaka 1953, wakaunda usafiri wao wenyewe wa magari yapatayo 300, wenye vituo vya kupandia, ratiba na watu wa kuratibu. Utawala wa mji ulipambana nao kwa kila njia. Polisi waliwabambikia madereva makosa ya barabarani, kampuni za bima zikafuta bima za magari ya makanisa hadi ikatafutwa nyingine London, na Februari 1956 viongozi kwa makumi wakashtakiwa kwa sheria ya zamani iliyokataza migomo ya kususia. Fedha za mafuta zilitoka makanisani, kwa wafadhili wa mbali, na kwa wanawake kama Georgia Gilmore, mpishi aliyeongoza wenzake kuuza vyakula na keki kimyakimya na kuleta mapato mikutanoni. Haba na haba ikajaza kibaba. Wakati huo huo mawakili walikuwa wamefungua kesi ya katiba kwa niaba ya wanawake wanne, Colvin akiwa mmoja wao. Tarehe 13 Novemba 1956 Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha kwamba ubaguzi katika mabasi hayo ulivunja katiba, siku ile ile ambayo viongozi wa mgomo walikuwa kizimbani mjini Montgomery wakikabili ombi la kuyapiga marufuku magari yao. Mtu anaweza kusema basi kwamba kesi ndiyo iliyoshinda na mgomo ulikuwa kelele tu. Lakini kesi bila mgomo ingekuwa karatasi. Ni mgomo uliowafanya watu 40,000 hivi wajione kuwa na nguvu moja, na walipoyarudia mabasi mwezi Desemba walikuwa wameshafundishwa jinsi ya kukaa viti vya mbele bila kujibu matusi.

Mafunzo hayo yalifikia kina zaidi Nashville, Tennessee. James Lawson, kijana Mmethodisti aliyekwenda jela kwa kukataa kujiunga na jeshi, kisha akaishi India kwa miaka kadhaa na kujifunza mbinu za Gandhi, alikuwa akiendesha madarasa ya jioni kanisani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanafunzi waliigiza hali ambayo wangekutana nayo: baadhi walijifanya wazungu wenye chuki, wakawatukana wenzao, wakawavuta nywele na kuwasukuma chini ya viti, huku wanaotendewa wakijifunza kulinda kichwa, kutopandisha hasira na kutomwacha mwenzao apigwe peke yake. Wanafunzi wanne wa Greensboro, North Carolina, walipokaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth tarehe 1 Februari 1960 na kukataa kuondoka, vijana wa Nashville walikuwa tayari. Ndani ya wiki mbili waliingia madukani wakiwa wamevaa nadhifu, na kanuni za mwenendo wakiwa nazo mkononi. Walipopigwa na kukamatwa takriban 80 kwa siku moja, kundi jipya lilikaa kwenye viti vilivyoachwa, kisha jingine. Wengi walikataa kulipa faini wakachagua jela. Weusi wa mji wakaacha kununua katika maduka ya katikati ya mji katika msimu wa Pasaka, na wenye maduka wakaanza kuhesabu hasara. Tarehe 19 Aprili, baada ya nyumba ya wakili wao Z. Alexander Looby kulipuliwa kwa bomu, maelfu waliandamana kimya hadi ofisi za mji, ambako Diane Nash, mwanafunzi wa miaka 21, alimuuliza meya mbele ya umati kama yeye mwenyewe anaona ni haki kumbagua mtu kwa rangi. Meya alikubali kwamba si haki. Tarehe 10 Mei kaunta za maduka zikaanza kuhudumia watu wote.

Ushahidi wa upande wa pili ni Albany, Georgia. Kuanzia mwishoni mwa 1961 mamia ya watu walikamatwa huko, King akiwa miongoni mwao. Mkuu wa polisi, Laurie Pritchett, alikuwa amejisomea mbinu za harakati hizi. Aliwaamuru askari wake wasipige watu mbele ya kamera, akakodi nafasi katika jela za wilaya za jirani ili yake isijae, na akaongea na waandishi wa habari kwa adabu. Waandamanaji nao walidai kila kitu kwa mara moja, bila kuchagua pa kubana. Agosti 1962 King aliondoka Albany bila makubaliano yoyote ya maana. Imani ilikuwa ile ile, nyimbo zilikuwa zile zile, msemaji alikuwa yule yule. Mpango ndio uliokosekana, na mpinzani mwenye mpango alishinda.

Somo hilo lilipelekwa Birmingham, Alabama, mwaka 1963. Huko Mchungaji Fred Shuttlesworth alikuwa amejenga harakati tangu 1956, akiwa ameponea bomu lililobomoa nyumba yake usiku wa Krismasi. Wyatt Tee Walker, msaidizi wa King, alikwenda mapema kukagua maduka, akahesabu viti vya kaunta na kupima muda ambao kijana na mzee wangetumia kutembea kutoka kanisani hadi madukani. Safari hii shabaha ilikuwa moja: biashara ya katikati ya mji katika msimu wa Pasaka. Kila aliyejitolea alitia saini ahadi ya kutotumia mabavu, iwe kwa mkono au kwa ulimi. King alikamatwa Ijumaa Kuu na akiwa jela akawajibu viongozi wa dini wanane wazungu waliowataka weusi wasubiri. Hoja yake ni muhimu kwa anayedhani njia hii ni ya kunyamaza: alisema kwamba maandamano yanakusudia kuleta mvutano hadi mji uliokataa mazungumzo ulazimike kukaa mezani. Watu wazima wenye kazi walipopungua kwa kuogopa kufukuzwa, mwanaharakati mwenzao James Bevel aliwaandaa wanafunzi wa shule, na tarehe 2 Mei zaidi ya watoto elfu moja walitoka kanisani. Jela zikajaa. Siku iliyofuata kamishna wa usalama wa mji, Bull Connor, akaachia mbwa na mabomba ya zimamoto, na picha zikazunguka dunia. Tarehe 10 Mei wenye biashara walikubali kufungua kaunta na kuanza kuajiri weusi. Mwezi uliofuata Rais Kennedy alilitangazia taifa kwamba atapeleka bungeni muswada wa haki za raia, uliopitishwa kuwa sheria tarehe 2 Julai 1964.

Kuwapeleka watoto mbele ya mbwa ni jambo ambalo hata wapenzi wa harakati walililaumu wakati ule, na vilevile Malcolm X, mwanaharakati mweusi aliyeikosoa njia ya kutotumia mabavu, na lawama hiyo haifai kupuuzwa. Jibu lenye uzito ni kwamba watoto hao hawakuwa salama nyumbani. Septemba mwaka huo wasichana wanne waliuawa kwa bomu ndani ya kanisa la 16th Street Baptist, Jumapili asubuhi, bila kuandamana popote. Ubaguzi ulikuwa ukiwaumiza kila siku mahali ambapo hapakuwa na kamera. Waandaaji waliyaleta maumivu hayo hadharani, yakawa jambo ambalo taifa lililazimika kulitolea uamuzi.

Kazi ya aina hii haiwezi kubebwa na mtu mmoja, na hapo ndipo tunapopaswa kuufikiria upya uongozi. Ella Baker, aliyekuwa ameshafanya kazi NAACP na katika jumuiya ya wachungaji iliyoongozwa na King, aliwaita wanafunzi wa migomo ya kaunta katika chuo cha Shaw, Raleigh, Aprili 1960. Viongozi wakubwa walitaka vijana hao wawe tawi la jumuiya zao. Baker aliwahimiza waunde chombo chao wenyewe, SNCC, kwa sababu aliamini kwamba jamii inayomtegemea mwokozi mmoja hubaki dhaifu. Mwaka uliofuata, abiria wa Freedom Rides, safari za mabasi za kupinga ubaguzi katika usafiri, walipochomewa basi Anniston na kupigwa Birmingham, na safari ikaelekea kufa, ni Diane Nash aliyepeleka kundi jipya kutoka Nashville, ingawa wajumbe wa serikali walimsihi aache. Mississippi ilimtoa Fannie Lou Hamer, mkulima aliyelima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno; alifukuzwa shambani mwaka 1962 kwa kujaribu kujiandikisha katika daftari la wapiga kura, akapigwa vibaya jela mwaka 1963, na mwaka 1964 akatoa ushahidi kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic uliosikika nchi nzima. Hata siku ya Washington ilikuwa kazi ya mpangaji, Bayard Rustin, aliyeandaa mabasi, vyoo, maji na walinzi kwa miezi miwili hivi. Siku hiyo hiyo, hata hivyo, hakuna mwanamke aliyepewa hotuba kuu. Harakati zilizodai usawa ziliwanyima nafasi ya mbele wanawake waliozibeba, na ukweli huo unapaswa kusemwa pamoja na sifa za harakati hizo.

Pingamizi kubwa kuliko yote husema kwamba njia hii ilifaa Marekani kwa sababu kulikuwa na katiba, mahakama na vyombo vya habari, na kwamba mbele ya dola isiyo na haya haifanyi kitu. Afrika Kusini hutolewa kama mfano. Chifu Albert Luthuli na chama chake cha ANC walipinga ubaguzi kwa amani kwa miaka mingi. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwaua watu 69 Sharpeville, chama kikapigwa marufuku, na Desemba 1961 Umkhonto we Sizwe, tawi lake la kijeshi, ikaanza mapambano ya silaha. Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kuwalaumu waliochukua uamuzi huo, na Tanzania iliwapa hifadhi na ardhi, ikiwemo Mazimbu, Morogoro. Lakini tusisahau kwamba tarehe 26 Juni 1959 Julius Nyerere alisimama jijini London, pamoja na Padri Trevor Huddleston ambaye baadaye alikuwa askofu wa Masasi, kuzindua kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Katika miaka ya 1980 migomo ya wafanyakazi, kususiwa kwa maduka ya wazungu, muungano wa UDF ulioundwa 1983, na vikwazo vya nje ndivyo vilivyoifanya nchi ile isitawalike kwa faida. Mfano wa Afrika Kusini hauthibitishi kwamba kususia hakuna nguvu. Unathibitisha kwamba dola ikiwa katili zaidi, maandalizi yanapaswa kuwa mapana zaidi na kuvuka mipaka.

Wengine husema wazungu walizungumza na King kwa kumwogopa Malcolm X. Huenda hofu hiyo ilisaidia, na mstari kati ya kambi mbili haukuwa mnene kama unavyochorwa: Oktoba 1964 Malcolm, aliyekuwa akizuru nchi zetu, alikutana Nairobi na John Lewis wa SNCC na mwenzake, na Februari iliyofuata alialikwa kuzungumza Selma, Alabama. Kusini kwenyewe, kundi la Deacons for Defense lililoanzishwa Louisiana mwaka 1964 lililinda wanaharakati kwa bunduki. Mtu kulinda nyumba yake usiku ni jambo linaloeleweka. Kuifanya bunduki kuwa mkakati ni jambo jingine. Weusi walikuwa takriban mmoja kati ya kila Wamarekani kumi, na upande wa pili ulikuwa na polisi, vikosi vya majimbo na magereza. Katika uwanja wa silaha, mbaguzi alikuwa na uhakika wa kushinda na kisingizio cha kuua. Katika uwanja wa maduka, mabasi na macho ya dunia, hakuwa na uhakika huo. Baada ya askari kuwapiga waandamanaji waliodai haki ya kupiga kura kwenye daraja la Selma tarehe 7 Machi 1965, sheria ya haki ya kupiga kura ilipitishwa tarehe 6 Agosti, na Mississippi, ambako weusi walioandikishwa walikuwa chini ya asilimia 7, walifikia karibu asilimia 60 ndani ya miaka michache.

Sheria hizo hazikuondoa umaskini, na King alilijua hilo. Ndiyo maana mwaka 1968 alikwenda Memphis kuwaunga mkono wazoa taka wapatao 1,300 waliogoma baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa gari la taka. Maandamano ya tarehe 28 Machi yaliandaliwa haraka, bila mafunzo wala walinzi wa kutosha. Vioo vikavunjwa, kijana mmoja akauawa na polisi, na magazeti yakaacha kuzungumzia mishahara. King alirudi kuyaandaa upya na akauawa tarehe 4 Aprili. Siku nne baadaye mjane wake, Coretta, aliongoza makumi ya maelfu katika maandamano ya kimya yaliyokuwa na nidhamu kamili, na tarehe 16 Aprili utawala wa mji ukakitambua chama cha wafanyakazi na kuongeza mishahara. Ndani ya siku ishirini mji mmoja ulionyesha hoja yote: kiongozi mkubwa akiwepo na maandalizi hayapo, kazi iliharibika; kiongozi akiwa ameondoka na maandalizi yapo, wafanyakazi walishinda.

Kwa hiyo tunapowafundisha vijana historia hii, tusiishie kwenye hotuba. Kijana anayeambiwa kwamba ubaguzi uliangushwa na mtu mmoja wa ajabu atakaa akimsubiri mtu wa ajabu mwingine. Anayeelezwa jinsi Robinson alivyorudufu, Lawson alivyofundisha, Walker alivyopima na Hamer alivyojiandikisha atajua kwamba kuna kazi ambayo yeye mwenyewe anaweza kuianza, pamoja na jirani zake. Vuguvugu lolote linalodai haki kwa amani lipimwe kwa maswali hayo: limewafundisha nani, fedha zake zinatoka wapi, limechagua kubana wapi, na nani atashika usukani kiongozi wake akikamatwa usiku wa leo.